Spana ya Upepo ya Mama Nati

Mama Nati aliingia dukani na kikapu kizito, na ndani ya kikapu hakukuwa na nyanya. Kulikuwa na habu, kile kitovu cha chuma cha gurudumu, iliyoliwa na kutu, nati zake sita zimeng'ang'ania kama wapangaji wasiotaka kuhama. Nyuma yake alifuata shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mikono mitupu, mdomo umejaa ushauri.

"Si ungeniachia nikubebee, shemeji?"

"Ungenibebea tulipotoka nyumbani. Hapa mlangoni unabeba sifa tu."

Miezi mitatu nyuma, jeki ilichomoka ikamvunja Mama Nati kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini daktari alimwambia wazi kwamba mkono ule hautavuta tena kitu kigumu. Kwa mtu mwingine hilo ni neno dogo. Kwa fundi ambaye kwa miaka ishirini na miwili amefungua magurudumu chini ya mabati, nyuma ya nyumba yake mwenyewe, ni kama kumwambia mwalimu asifungue kinywa.

Binti yake, ambaye ni nesi na amri anazo za kutosha wodi nzima, alikwisha kumwandalia chumba kwake. Alikwisha kutundika hata mapazia. Ya maua.

"Nitafanya nini humo?" Mama Nati alimuuliza.

"Utapumzika."

"Nikimaliza kupumzika?"

Walibishana juma zima, mpaka wakaafikiana. Jumamosi Mama Nati angefungua magurudumu yote manne ya pikapu ya shemeji na kuyarudisha, binti akiwa amesimama pale pale, na mkono wa kulia usivute chochote. Akiweza, gereji inabaki. Akishindwa, anakabidhi ufunguo na kwenda kuzoeana na mapazia. Ndiyo maana leo, Alhamisi, alikuwa hapa kutafuta spana ya upepo, ile mashine ya kushika kama bunduki inayokula upepo wa kompresa na kuzitoa nati kwa kishindo.

Muuzaji alipanga tatu juu ya kaunta. Shemeji akaishika iliyo kubwa kuliko zote kwa heshima.

"Hii ndiyo yenyewe. Soma kwenye boksi nguvu yake. Hii inafungua hata mlango wa benki."

"Mimi sina kazi benki," alisema Mama Nati. Aliichukua kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umeegemezwa chini yake kwa adabu tu, akainyoosha mbele na kuanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu.

"Mama, unahesabu nini?" muuzaji aliuliza.

"Nati. Pikapu ina ishirini na nne. Nne. Tano."

Kufika kumi na moja bega lilikuwa linawaka moto na spana imeanza kuinama. Wateja wawili walijifanya wanatazama plagi. Alifika kumi na tano, akaiweka chini taratibu asionekane ameshindwa, akachukua ya kati. Hiyo aliifikisha ishirini na nne huku akimuuliza shemeji habari za watoto.

"Uzito si kitu," shemeji alijitetea. "Kitu ni nguvu. Mjaribishie hii kubwa aone."

Muuzaji alibana habu kwenye jiliwa, akavuta mpira wa upepo kutoka nyuma ya duka. Spana kubwa ilinguruma, na nati ya kwanza ikaruka kabla mtu hajakohoa. Shemeji alitazama huku na huku kama aliyeifungua yeye. Mama Nati naye alikuwa ameufuata ule mpira kwa macho, ukapita chini ya meza, ukapita mlango wa stoo. Akaenda kuchungulia. Kompresa iliyokuwa humo ilikuwa na ukubwa wa ng'ombe aliyelala.

"Kijana, ya kwangu nyumbani ni mbuzi," alisema. "Tangi lita hamsini. Ile pale rafuni ni pacha wake. Naomba uiwashe."

"Ile ni ya kuuza, mama."

"Na mimi ni wa kununua. Au unataka nirudi Jumatatu nikugombeze?"

Muuzaji aliitazama ile habu, akamtazama mwenye habu, akaona njia fupi ni kukubali. Waliisubiri kompresa ndogo ijae. Spana kubwa ikaunganishwa, ikanguruma vizuri kwa pumzi tatu, kisha sauti ikaanza kushuka, ikawa inagongagonga nati kama mgeni mwenye aibu. Nati haikutikisika. Spana ilikuwa inakunywa upepo kuliko kompresa ilivyoweza kuleta, na nguvu zote zilizoandikwa kwenye boksi zikabaki kwenye boksi. Wakaijaza tena, wakaunganisha ile ya kati. Nati ya pili ikatoka. Ya tatu ikatoka. Ya nne ilibisha kidogo, nayo ikatoka.

"Nifungie hii," alisema Mama Nati. "Na mpira mnene, mfupi. Ule wangu ni mwembamba, utaninyima upepo njiani."

Jumamosi asubuhi binti alifika akiwa na saa mkononi na uso wa zamu. Shemeji aliegesha pikapu chini ya mabati, akajitafutia kiti kwenye kivuli.

Gurudumu la kwanza lilitoka bila maneno. La pili pia. Kabla ya la tatu Mama Nati aliketi juu ya tairi, akakunja mikono.

"Umechoka, Mama?"

"Aliyechoka ni yule," alisema, akionyesha kompresa iliyokuwa inatetemeka kwenye kona. "Nasubiri ameze mate."

Geji ya upepo ilipopanda, akaendelea. Zikatoka nati tano. Ya sita ikakataa. Akaipiga upepo tena, ikakataa. Fundi aliyeifunga mara ya mwisho alikuwa ameikandamiza kwa mashine mpaka mwisho, kwa haraka zake. Bila kufikiri, mkono wa kulia wa Mama Nati ukaenda zake ukutani, kwenye lile bomba refu la chuma ambalo alikuwa akilivalisha kwenye spana ya mkono kila nati ilipoleta jeuri. Alikuwa amekwisha kulishika. Nyuma yake binti alipiga hatua moja mbele.

Aliliachia. Akapulizia nati mafuta, akasubiri tangi lijae mpaka kompresa ikajizima yenyewe. Kisha akageuza spana upande wa kukaza, akaigusa kidogo tu, akairudisha upande wa kufungua. Nati ikalia kama panya aliyekanyagwa, ikazunguka.

"Haya," alinong'ona. "Si ungesema mapema."

La nne likatoka, na nati zote ishirini na nne zikawa kwenye bakuli. Binti alianza kutabasamu. Magurudumu yakarudishwa, shemeji akiitwa kuyanyanyua, na Mama Nati akazisogeza nati kwa spana ya upepo, pole pole, mpaka zikagusa. Akazima.

"Umemaliza?" binti aliuliza.

Angeweza kusema ndiyo. Angeweza pia kuendelea kubonyeza, mashine ikazikandamiza zote, na nesi asingejua tofauti. Ndivyo alivyofanya yule fundi wa haraka.

"Bado. Kukaza kwa mwisho ni kwa mkono, kwa spana ya kipimo, inayolia tik nati ikitosha. Mashine haijui kuacha. Itakata stadi, hiyo bolti inayoshika nati, au imwache mtu njiani hawezi kufungua."

"Kwa mkono, Mama. Na mkono huna."

"Sina. Na wa kushoto peke yake hautoshi."

Binti alishusha saa yake. "Kwa hiyo umeshindwa."

"Mkataba ulisema mkono wangu usivute. Haukusema wa nani uvute." Akageukia kivulini. "Shemeji, inuka. Gari ni lako, mikono yako miwili ni mizima, na tangu asubuhi haijafanya kazi ya maana. Ukisikia tik, acha."

"Shemeji, mimi mteja."

"Ndiyo. Kuanzia leo hapa mteja anakaza nati zake mwenyewe, mimi nasimamia. Asiyetaka, barabara ina gereji nyingi."

"Gereji gani hiyo mteja anafanya kazi?" binti aliuliza, akishindwa kukunja uso.

"Hii."

Shemeji alivuta. Tik. Alihamia nati ya mkabala, kama alivyoelekezwa, akavuta tena. Kwenye ya saba alianza kutoa jasho, na kwenye ya tisa akaomba maji. Mama Nati alizihesabu zote kwa sikio, macho kafumba, na ya kumi na sita akaifanya irudiwe. Binti alisimama mpaka tik ya mwisho, kisha akalichukua lile bomba refu pale ukutani.

"Hili naondoka nalo," alisema.

"Na mapazia?"

"Nitayaleta. Dirisha lako la jikoni liko wazi miaka yote."