Mlima Alioukata Hirogo

Kibanda cha video cha Tausi pale Bunda kilijaa mpaka nzi walisubiri zamu nje. Watu walifuata anime, katuni ya Kijapani, ya Hirogo, kijana wa upanga, lakini zaidi walimfuata Salum, mtafsiri aliyekaa kando ya skrini na maiki, akigeuza kila neno kuwa Kiswahili. Msimu wa kwanza ulipoisha, koo la Salum likamgomea, akaenda Musoma kwa dada yake kujiuguza. Msimu wa pili akautafsiri Getruda, mtu wa kanisani, asiyeongeza hata chumvi. Mabenchi yakaanza kushika vumbi.

"Hirogo gani huyu?" Kasmiri, fundi baiskeli, alifoka akitoka. "Mwanzo alikuwaga anakata mlima kama mkate. Leo anapigwa na muuza tambi! Mwakani atapigwa na tambi zenyewe. Msimu mbovu huu, mama. Tunahamia kwenye mpira."

Kibanda kikifa, Tausi hana kingine cha kumweka mjini. Ila hata hofu hiyo haikumkereketa kama swali moja: mtu hujuaje upanga, kisha akausahau?

Jumapili akaja shemeji yake Robi kutoka Butiama, ambako hutazama Hirogo kwenye simu, bila mtafsiri.

"Msimu wa pili ndio mtamu, shemeji. Mtoto anakua."

"Anakua, au anarudi tumboni?"

"Si alianza hajui hata kushika upanga?"

"Robi, alikata mlima!"

"Mlima upi?"

Tausi akawasha msimu wa kwanza. Siku zote alikaa mlangoni akipokea watu, mgongo kwa skrini, sikio kwa Salum. Sasa akatazama. Hirogo alikimbia, akajikwaa, akaporomoka korongoni na vumbi likafunika kila kitu. Hapo ndipo siku ile Salum alipopaza sauti, "Mlima umekatika, wajameni!" na kibanda kizima kikasimama kushangilia. Vumbi likatulia. Mlima ulikuwa palepale, mzima.

Kesho yake alikuwa Musoma. Salum alikuwa barazani, anakunywa tangawizi.

"Salum, Hirogo alikata mlima?"

"Vumbi lilikuwa jingi, dada."

"Lilitulia."

"Lilipotulia mimi nilishafika mbele." Akacheka, akakohoa. "Ningesema kijana kaanguka, nani angerudi kesho?"

"Na sasa nani anarudi?"

Salum akaweka kikombe chini. Kisha akaomba nauli ya Bunda.

Jumamosi mchana, msimu wa tatu ukaanza. Kasmiri alikaa mbele, kaja kwa ajili ya Salum tu. Hirogo akasimama mbele ya mlima uleule, akavuta pumzi, akachomoa upanga. Mlima ukapasuka kuanzia kileleni hadi chini, taratibu, bila vumbi.

Salum akafungua mdomo. Sifa zote alizokuwa nazo alishazimaliza msimu wa kwanza. Akalaza maiki mapajani.

"Sema basi!" Kasmiri aligeuka. "Kafanya nini?"

"Tazama mwenyewe, mura," Tausi alijibu kutoka mlangoni. Safari hii uso wake ulikuwa kwenye skrini.

Kasmiri akatazama, shingo imetangulia. "Lakini mlima huu si alishaukata?"

"Ule wa kwanza," Salum alisema kwa sauti iliyokwaruza, "niliukata mimi."

Kibanda kikalipuka kwa kicheko, mtu akamrushia Salum kofia. Kasmiri peke yake hakucheka. Alikuwa bado anautazama ule ufa.

"Mama Tausi," alisema, "hebu rudisha ule msimu wa muuza tambi. Nataka nione alijifunzia wapi."