Ukuta wa Darasa la Tatu

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa mtu wa kujitolea, na watu wa namna hiyo wakiteleza huanguka na wenzao. Somo jipya la Dunia Yetu lilipoletwa shuleni, walimu wengine walilipokea kama wanavyopokea zamu ya kukagua vyoo. Yeye alilidaka kwa mikono miwili. Alibandika karatasi nne za manila ukutani, akachora ramani ya dunia kwa kalamu ya wino mzito, na kwa kuwa uchoraji haukuwa fani yake, bara moja likatoka na kitambi. Watoto walicheka mpaka basi, naye akacheka nao.

Kazi ya wiki ya kwanza ilikuwa rahisi. Kila mtoto aandike kwenye karatasi amezaliwa wapi, wazazi wake wamezaliwa wapi, na nyumbani wanaongea lugha gani. Karatasi zilibandikwa pembeni mwa ramani, na kila moja ikaunganishwa kwa uzi wa sufu na mahali palipotajwa kwenye ramani. Nyuzi nyingi hazikufika mbali.

Msichana mmoja wa dawati la mbele, mtoto wa mama mmoja fundi cherehani aliyeshona sare za nusu ya shule, aliandika mstari mmoja tu: Sisi ni wa hapa. Mwalimu alijua si kweli. Alishamsikia akihesabu kwa lugha nyingine akiruka kamba. Akamwita mezani.

"Mwanangu, kwenu ni wapi hasa?"

Mtoto akatazama viatu vyake. "Mama amesema niseme hapa."

"Mama anaogopa utachekwa. Darasani kwangu hachekwi mtu. Kwenu si aibu, ni sifa. Nenda kaandike upya."

Hapo ndipo alipoharibu, na tusimfiche, maana hata mwenyewe hajifichi. Alimrudisha mtoto kwenye dawati mara mbili, mpaka karatasi ikaandikwa alivyotaka: jina la mji ng'ambo ya mpaka, mwaka waliovuka, lugha ya nyumbani, na kwamba baba aliuawa huko huko. Akampigia vema kubwa nyekundu na kumpa jina la Balozi. Balozi akafundisha darasa zima kuhesabu hadi kumi kwa lugha ya kwao, na wiki ile uwanja mzima wa shule ukawa unahesabu. Mtoto aliyekuwa akiongea kwa kunong'ona sasa alikuwa akiwasahihisha wenzake kwa sauti. Mwalimu alimtazama akajiona amefanya jambo la maana duniani.

Siku ya wazazi ikafika. Mwalimu mkuu, mtu asiyeweza kulala bila kualika vyeo, alileta wageni kutoka ofisi tano za serikali. Mmoja wao alikuwa mpole, shati limenyooka, hata biskuti hakugusa. Alisimama mbele ya ukuta ule kwa muda mrefu akipiga picha karatasi moja moja. Mwalimu akamwendea, roho kwatu, akamwonyesha Balozi kwa kidole, akamweleza na duka la mama yake liko mtaa gani, kama mgeni atataka kushonewa suruali.

"Kazi nzuri sana, mwalimu," mgeni akasema.

"Na wewe mwenzetu unatoka ofisi gani?"

"Uhamiaji."

Mwalimu akamwambia karibu tena. Hakuwaza lingine lolote. Aliona ni ofisi inayoshughulika na nchi za watu, akafurahi kwamba somo lake limempata mwenyewe.

Siku ya nne yake, saa tatu asubuhi, fundi cherehani alichukuliwa dukani, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Saa tano barua ya Uhamiaji ikamfikia mwalimu mkuu: mama amekutwa hana kibali, mtoto afikishwe ofisini kabla ya saa saba, wote wawili warudishwe kwao siku hiyo hiyo.

"Barua hii sikuiandika mimi," mwalimu mkuu akasema, mikono juu, kama kuna aliyemshika. "Nani atampeleka?"

"Mimi," akasema mwalimu. Kucha zake zilikuwa na gundi. Alishaubandua ukuta wote, ingawa picha zake zilikuwa zimekaa ofisini kwa watu siku nne nzima.

Kutoka shuleni hadi ofisi ile ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Alimshika mtoto mkono.

"Balozi, nisikilize. Leo kuna mtihani wa kujibu kwa mdomo. Umezaliwa wapi?"

"Ng'ambo ya—"

"Hapana. Umezaliwa hapa. Zile nchi za ukutani niliwagawia kwa kura, ulikuwa mchezo. Na ile lugha huijui. Namba nilikukaririsha mimi."

"Lakini mwalimu, ulisema si aibu."

"Najua nilichosema. Sahau."

"Mama yuko huko?"

"Yuko huko."

"Nikijibu hivyo, anatoka?"

"Ukijibu vizuri, mama anatoka."

Tumpe haki yake, alikuwa akiamini. Alipiga hesabu kwamba mtoto akiwa wa hapa, mama naye atakuwa wa hapa, na mambo yataishia hapo. Balozi alirudia majibu mara tatu kabla ya kona ya mwisho, wala hakukosea. Alikuwa mwanafunzi mzuri tangu mwanzo.

Mgeni wa siku ya wazazi ndiye aliyekuwa nyuma ya meza. Alimsalimia mwalimu kwa heshima, akamvutia kiti. Feni ilikuwa ikizunguka juu ya mafaili yaliyokandamizwa kwa mawe. Alimuuliza mtoto yote, na mtoto akajibu yote akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama alivyofundishwa kusimama mbele ya mgeni. Amezaliwa hapa. Nchi walipewa kwa kura. Lugha anayojua ni hii hii.

Afisa akaandika. Halafu akageuka mlangoni. "Mleteni mama."

Fundi cherehani aliingia, na alipomwona mwanawe akasema jambo kwa lugha yao, haraka haraka, sauti ikimkatika. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya mtihani.

"Anasema nini?" afisa akamuuliza mtoto.

Balozi akamtazama mwalimu. Kisha akasema, "Sijui. Silijui hilo alilosema."

Mama alisimama kama aliyepigwa kofi. Akamtazama mtoto, akamtazama mwalimu aliyekuwa ameinamisha kichwa, na pale pale akaelewa. Uso wake ukatulia. Mwalimu aliuona ukitulia, na aibu iliyomshika hakuwahi kuipata maishani, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Nilikuwa namuuliza kama amekula," fundi akamwambia afisa kwa Kiswahili. "Kila siku nasahau kwamba lugha yangu haijui. Namlea tu huyu. Mama yake mzazi alikuwa mteja wangu, wa mtaa huu huu. Alifariki."

"Kwa hiyo wewe huna mtoto."

"Sina."

Afisa hakuwa mjinga. Macho aliyokuwa nayo yule mwanamke ndiyo aliyokuwa nayo yule mtoto, na kila mtu chumbani aliyaona. Labda alihurumia. Labda lori la kuwarudisha watu mpakani lilikuwa limeshajaa. Aligonga mhuri, akasukuma karatasi mezani.

"Mwalimu, wewe utamchukua?"

"Nitamchukua," akasema, akatia saini mahali alipoonyeshwa.

Fundi alipokuwa akitolewa alipita karibu na mtoto. Alimnyoosha kola ya sare, akaibana kidogo kwa vidole viwili, kama fundi yeyote anavyomfanyia mtoto wa mteja, akatoka. Balozi hakumshika. Aliona mama naye yuko kwenye mtihani, akaogopa kumharibia.

Nje jua lilikuwa kali. Mwalimu alitaka waondoke upesi, lakini mtoto alisimama kwenye ngazi.

"Mwalimu, nimekosa hata moja?"

"Hujakosa."

"Basi tumngoje hapa."

Akajifuta vumbi sketi, akakaa kwenye ngazi akiuelekea mlango. Nyuma ya jengo injini ya lori iliwaka, geti la nyuma likafunguliwa, na muungurumo ukaanza kwenda mbali. Mwalimu aliusikia mpaka ukaisha. Akakaa naye, wakaanza kungoja.