Namba Iliyoandikwa kwa Herufi Ndogo

Umeme ulikatika mchana, mshonaji akiwa anasuuza vyombo. Alisikia sanduku la betri chumbani kwa baba yake likilia pii, pii, pii, kisha likazima, na friji iliyounganishwa nalo ikanyamaza. Akakimbia na povu mikononi.

Mzee alikuwa ameketi kitandani, mirija puani, mabega yakipanda na kushuka. Mashine ya oksijeni iliyokuwa ikimsaidia tangu mapafu yamchoke ilikuwa kimya. Binti alimfungulia mtungi wa akiba, akasikiliza mpaka hewa ikaanza kupita, kisha akaketi sakafuni kando ya kitanda.

"Pole, mwanangu."

"Pole ni yako, baba."

Akampigia simu kaka yake, aliyelileta sanduku lile wiki iliyopita na kuapa kwamba shida ya umeme imekwisha.

"Limezima tena."

"Haiwezekani! Hilo linabeba elfu moja. Ulijumlisha vizuri?"

"Nilijumlisha. Mashine ya baba wati mia tatu na hamsini, friji mia mbili, feni sabini. Hata mia saba haifiki."

"Basi tumeuziwa bovu. Au unachomeka ovyo."

Neno hilo la mwisho lilimchoma. Yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza mzee, akimwogesha, akishona nguo za watu huku sikio liko chumbani. Kaka alikuwa akija na matunda na ushauri, kisha akiondoka. Binti akakata simu bila kuaga.

"Ligeuze," alisema baba. Kabla ya kuugua alikuwa fundi umeme kiwandani. "Nisomee mgongoni."

Aliwasha tochi ya simu. "VA elfu moja. Hapa chini, kwa herufi ndogo... wati mia sita."

"Ulichojumlisha ni nini?"

"Wati."

"Ukalinganisha na?"

Binti alimulika tena namba ya juu. "Na ile elfu."

"Basi. VA ni volti mara ampea, mzigo wote unaopita kwenye waya. Wati ni ile sehemu inayofanya kazi." Akatulia, akavuta pumzi. "Chombo chenye mota, kama friji, kinachukua umeme, na mwingine kinaurudisha bila kuutumia. Waya unabeba wote. Kama mimi hapa. Kifua kinapanda, kinashuka, nachoka kweli, na hewa inayonifaa ni hii kidogo."

"Sasa tufuate namba ipi?"

"Zote mbili. Usivuke hata moja. Na mota ya friji ikianza kuzunguka huvuta zaidi. Itoe."

Ndani ya friji kulikuwa na chakula cha wiki nzima, alichokipika kwa mkupuo mmoja ili asisimame jikoni kila siku. Akakitazama, akafunga mlango, akachomoa waya. Akachomoa na feni. Sanduku lilipowashwa upya, mashine ikaanza kunguruma na haikuzima. Akafunga mtungi.

Alimpigia kaka tena. "Si bovu. Tulisoma namba siyo." Akamweleza kama alivyoelezwa.

"Basi nitaleta kubwa zaidi," alisema kaka.

"Lete. Ila sikukupigia kwa hilo."

"Kwa nini tena?"

"Njoo ulale hapa. Nimechoka, kaka. Nimechoka mpaka nasahau sindano mdomoni."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Alingoja aambiwe habari za kazi na foleni, lakini kaka alisema tu, "Nakuja."

Alifika jua likizama, umeme haujarudi, begi begani. Dada alimwonyesha namna ya kufungua mtungi, akamfanya arudie mpaka akapatia. Akampakulia chakula, akaenda kujitupa kitandani na nguo zake. Kupitia ukutani aliwasikia wakibishana, baba akisema taratibu, kaka akiuliza ampea ni nini hasa. Alitaka kusikia jibu, lakini usingizi ulimchukua.