Minazi Ndani ya Jiwe

Alhamisi moja ya mwaka wa arubaini na mbili, baada ya sala ya alasiri, Mwanarehema aliketi barazani kwake Likoni akikoroga manjano kwenye kifuu. Mbele yake palikuwa na jiwe dogo, kadiri ya yai la kuku. Kesho yake wanajeshi wa Mwingereza wangekuja kuitwaa ardhi ile kwa ajili ya vita, na kila mtu alikwishaambiwa ahame na vitu vyake.

Alikuwa fundi wa kuwapaka maharusi piko, kwa hiyo alijua rangi zinavyopatana. Udongo mwekundu ulikuwa wa kuta, masizi ya makuti makuukuu. Buluu ya kufulia aliichanganya na manjano, akapata kijani. Kila alichokichora kiliondoka mahali pake, kikaingia jiweni. Jiko lilitangulia, likafuata banda la kuku. Kisima kilikaa upande kidogo, maana alichora kwa haraka.

Jirani yake, Nyevu, alimwongezea manjano, kisha akamshika kiwiko kisiyumbe.

"Shoga, na nyumba yangu uichore. Lakini usinipe lile paa linalovuja."

"Utapata lilelile. Mimi si fundi wa makuti."

Wakacheka. Lori likanguruma barabarani, Mwanarehema akainua kichwa.

"Ndio wao?"

"Bado. Chora."

Nyumba zote mbili zikaingia; minazi aliiweka mwisho. Marehemu mumewe, Mwinyihaji, ndiye aliyeipanda, na huku pwani aliyepanda minazi hahitaji hati. Minazi yenyewe humsemea. Mwanarehema alihofu wangeikata. Akaichora yote, mmoja mmoja, mpaka kijani kikamwishia.

Asubuhi mpimaji wa ardhi wa jeshi alifika na daftari lake.

"Mama, wasema hapa ni kwako. Minazi yako i wapi?"

Mwanarehema akakunjua kiganja. Mpimaji aliinama, akalitazama jiwe kwa makini, akasema limechorwa vizuri, rangi zimetulia. Kisha akaandika: ardhi tupu, haijapata kukaliwa na mtu.

Siku hizi Mwanarehema na Nyevu wanakaa chumba kimoja Changamwe. Jiwe liko dirishani. Jogoo huwika mle ndani alfajiri, na malori yakipita Mwanarehema hulifunika kwa kanga. Mara nyingine nazi huanguka mle, mlio wake mdogo kama wa punje ya mchele.

"Ya nani hiyo?" huuliza Nyevu.

"Yangu," husema Mwanarehema, kwa sauti ya chini, asije akasikiwa.