Transista ya Mbio na Transista Nzito

Mosfet nyingine, ile transista ndogo ya kufungua na kufunga umeme, ilikufa bila kishindo, mlio mdogo tu na harufu ya plastiki iliyoungua. Elie akazima mashine, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa wake akiwa hajui tena amfanyie nini.

Dada yake mdogo, Hadassa, alisimama kando ya mashine. Alikuwa bado ameshika mpira wa maji ya kupoza, mkono umekufa ganzi. Hapo uani kwao, mtaani Kikula, kazi ilikuwa kunoa na kukaza burini, vile vyuma vya ncha ambavyo wachimbaji hupasulia mawe. Tangu shimo la Kakanda limfunike, kifua cha Elie hakikuweza tena moshi wa makaa. Ndiyo maana akaunda mashine hii: unaingiza chuma katikati ya bomba la shaba lililozungushwa, kinaiva bila moto wala moshi. Ikishindikana, kilichobaki ni kurudi shimoni.

Na shimo lilikuwa limetuma mtu. Théophile, mwenzake wa kuchimba, alisimama mlangoni na begi lake.

"Elie, gari inaondoka leo magaribi. Mashine yako inakukatala. Shimo haikatale muntu."

"Ngoja kidogo."

"Minye nangoja tangu Pasaka."

Mezani zilibaki aina mbili za transista. Mosfet ni nyepesi, za mbio. Zinafungua na kufunga umeme upesi na kubaki baridi, ila umeme ukiruka juu zinatoboka. Kando yake kulikuwa na IGBT, transista nzito, alizozing'oa kwenye mashine mbovu ya kulehemu. Hizo zinavumilia umeme mkali, lakini ukizikimbiza zinachemka. Elie alizidharau. "Hizi ni kama bazee," alizoea kusema. "Unamuambia simama, anatembea kwanza kidogo."

Ng'ambo ya ukuta sufuria ilikuwa imeshateremshwa, na mama Carine alikuwa akiwaita wanawe kula. Hadassa akainua kichwa. Mtaa mzima unapika bukari, yaani ugali, kwa resho, majiko ya umeme, na saa ya kupika umeme unalegea mpaka taa inakuwa kama kaa la moto linalozimika. Hapo Elie huzungusha mpaka mwisho kitasa cha kisanduku cha kupandisha umeme kilichounganishwa na mashine. Watu wakishaipua, umeme unarudi na nguvu zake zote, ukijumlishwa na zile alizopandisha.

"Yaya," akamwita kaka yake, "ile ya jana ilikufa wakati gani?"

"Sijue. Muchana."

"Mama Carine alikuwa anaita batoto. Na ile iliyotangulia, vilevile. Na leo, unasikia."

Elie akageuka kutazama kisanduku. Kitasa kilikuwa bado juu kabisa. Akafumba macho.

"Kumbe ni minye mwenyewe nilipandisha," akasema taratibu.

"Basi muandikeni mama Carine kazi," Théophile akasema. "Akuwe anapiga filimbi kabla ya kuipua."

Hakuna aliyecheka sana. Elie alijua kwamba atasahau tena kukishusha, kesho au keshokutwa; mtu aliyechoka husahau. Akazichukua zile IGBT nzito. Ili zisichemke ilibidi apunguze kasi ya kufungua na kufunga umeme kwa kuongeza kapasita, alasiri nzima akiunganisha waya huku anakohoa. Kuhusu kasi ndogo alikuwa na tumaini moja: joto lingezama ndani zaidi, na burini ni chuma kinene.

Jioni mtaa ulipika tena. Taa ikafifia, Elie akapandisha kitasa, akawasha. Chuma kilikaa cheusi muda mrefu, kisha kikaanza kuwa chekundu, polepole. Hadassa aliyapima kwa kidole maji ya kupoza yanayotoka kwenye transista. Ya moto, lakini kidole kilivumilia.

Kisha mama Carine akaita. Nyumba nyingine nazo zikaipua. Taa ikang'aa ghafla, wote watatu wakaitazama mashine. Ikavuma, ikaendelea kuvuma. Elie akanyoosha mkono na kukishusha kitasa.

Théophile akakichovya chuma majini kwa koleo, akakipiga juu ya jiwe. Ncha haikupinda.

"Inakawia," akasema.

"Inakawia," Elie akakubali.

Barabarani gari likapiga honi. Théophile akatupa begi begani.

"Hii burini naenda nayo. Nitabaambia bachimbaji kule."

Elie hakuinuka. Akaingiza chuma kingine katika bomba, na Hadassa akahamishia mpira wa maji mkono wa pili.