Imepokelewa

Barua pepe za kampuni zilikuwa zikitambaa tangu mwanzo wa wiki, na ofisi nzima ilikuwa imeshampata wa kulaumiwa: Konokono. Ndilo jina walilompachika fundi mkuu wa seva, mashine inayopokea na kusambaza barua hizo, mzee mpole asiyefanya jambo bila kulipima kwanza. Mpwa wake, aliyekuwa msaidizi wake, alilicheka jina hilo pamoja na wengine. Mjomba huyohuyo ndiye aliyemsomesha, akamwombea kazi, akamfundisha hata kushika bisibisi. Lakini asante ya punda ni mateke, na mpwa alikuwa na miguu yenye nguvu.

Meneja aliwaita wote wawili akawaambia kampuni inapunguza watu, fundi mmoja anatosha. Atakayeifanya seva iende kasi kabla ya chakula cha mchana ndiye atakayebaki. Alitabasamu, kama anayetupa mfupa mmoja kwa mbwa wawili.

Mjomba alianza kwa kupima. Kwa mazoea yake ya kufundisha, alimwonyesha mpwa kwamba kichwa cha mashine, kile kinachopiga hesabu, hakikuwa na kazi. Kilichoelemewa ni diski, inakohifadhiwa kila barua. Malalamiko ya wateja, barua ndogondogo zisizo idadi, yalikuwa yamerundikwa katika folda moja. Tena kila mtu alipofungua barua, diski iliandika upya saa aliyoifungua, jambo ambalo hakuna aliyelihitaji. Mzee akauzima uandishi huo, akaanza kuzigawa barua katika folda nyingi. Ilikuwa tiba sahihi, nayo ilitaka siku nzima.

Mpwa hakuwa na siku nzima. Alikijua kitu kimoja alichokatazwa tangu aanze kazi. Kwa kawaida seva ilingoja diski imalize kuandika barua ndipo imjibu mtumaji, "Imepokelewa." Ukiondoa kungoja huko, seva hujibu papo hapo, na barua hubaki kwenye kumbukumbu ya muda mpaka diski ipate nafasi. Umeme ukikatika kabla ya hapo, barua imepotea. Na betri ya akiba ilikuwa imekufa. Mzee aliomba nyingine mpaka ulimi ukaota sugu. Alizoea kusema kwamba seva ikisema imepokelewa, iwe imepokelewa kweli, vinginevyo fundi ni mwongo tu mwenye mshahara.

Mpwa akaondoa kungoja kule. Barua zikaanza kuruka, na ofisi ikapiga makofi.

Meneja akamwambia mzee afungashe. Ila yeye si mnyama, alisema. Tawini anatafutwa mtu wa kutunza stoo, na maombi yanafungwa jioni hiyohiyo. Mzee aandike barua pepe kabla akaunti yake haijafungwa. Watu waliangua kicheko: Konokono stoo! Mzee hakucheka wala hakukasirika. Mkewe alikuwa akiishi kwa dawa zinazolipiwa na bima ya kampuni, na mwenye mgonjwa nyumbani hachagui kazi. Akaketi kwenye meza ya mpwa, akaandika, akatuma. Jibu likaja kabla hajainua kidole.

"Kweli imekuwa nyepesi," alisema. "Umefanyaje?"

"Nimefuata mafunzo yako, mjomba."

Mzee akampigapiga begani kwa fahari, akabeba boksi lake na kutoka. Hakuwa amefika getini taa zilipozimika.

Umeme uliporudi na seva kuamka, mpwa alilifungua sanduku la barua la mkuu wa tawi. Barua ya mjomba haikuwemo. Angeweza kumkimbilia mjomba aiandike upya, lakini angelazimika kueleza kwa nini. Akalifunga sanduku, akaenda kula.

Alasiri simu ikalia. Ni mjomba, na sauti yake ilikuwa changamfu.

"Mkaza mjomba wako ananisumbua nipige simu tawini kabla hawajafunga, nihakikishe maombi yamefika. Nimemwambia atulie. Seva ile nimeitunza mimi. Ikisema imepokelewa, imepokelewa. Au sivyo?"

Ukutani, saa ilionyesha kwamba tawi bado liko wazi.

"Ndivyo, mjomba," alisema mpwa. "Mwambie alale tu."

Alipokata simu, barua ya meneja ya kumpongeza ilikuwa imeshaingia. Ilikuwa imefika upesi sana.