Mwaka Nilioutia Jikoni

Mama mwenzangu, usichome karatasi. Nakuambia mimi niliyechoma.

Mwaka 2008 watu wa uhamiaji walivamia kiwanda cha kufungasha matunda, hapa Oregon, Marekani, wakiwatafuta wasio na vibali kama sisi. Nilivyosikia tu, nikawasha jiko nikatia kila chenye majina yetu: vyeti vya shule vya binti yangu Yaretzi, kadi yake ya chanjo, mpaka risiti za kodi ya nyumba. Nilidhani usipoandikwa popote hakuna wa kukutafuta. Nikamwachisha na shule mwaka mzima, tukawa tunachuma beri mashamba ya mbali.

Miaka minne baadaye serikali ikatangaza kwamba walioletwa nchini bila vibali wakiwa watoto hawatafukuzwa kwa miaka miwili, na watapewa kadi ya kufanya kazi. Ila uonyeshe ulikuwepo kila mwaka. Ukumbi wa kanisa ulijaa. Wakili akapanga karatasi zetu mezani, mwaka kwa mwaka. Pakabaki pengo.

"2008 mlikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Nani anajua?"

Yaretzi, miaka kumi na saba, akacheka bila furaha. "Muulize Mama. Mwaka huo nilikuwa sijazaliwa."

"Chunga mdomo wewe."

"Si ulinichoma mwenyewe, pamoja na mikate ya tortilla?"

Obdulia, mama yake wa ubatizo, akadakia, "Shoga, na yule askari wa barabarani je? Aliyekusimamisha tukitoka kwenye beri?"

Nikamkanyaga mguu. Nilikuwa nimechelewa. Askari yule aliniandikia kosa la kuendesha bila leseni, akaandika na jina la Yaretzi kwa kuwa hakufunga mkanda. Niliitwa mahakamani, sikwenda. Karatasi yangu nayo ikafuata nyingine jikoni. Nakala yao ipo mahakamani.

Wakili akavua miwani. "Hiyo inatosha. Lakini ina jina lako, na wewe hukufika. Na mtoto hajatimiza kumi na nane, kwa hiyo mzazi ndiye wa kwenda mahakamani kuiomba. Wanaweza kukushika pale pale."

"Tukingoja atimize?"

"Sijui kama mlango utakuwa bado wazi."

"Mama, basi," Yaretzi akasema. "Sitaki tena hiyo kadi."

Jumanne asubuhi nilimwachia Obdulia ufunguo wa nyumba. Nikamwambia maharage yako kwenye sufuria kubwa, nisiporudi ampashie mtoto. Yeye na Yaretzi wakanisubiri garini.

Mahakamani, kwenye dirisha la karani, nikataja jina langu lote, Eufrosina Luna Santiago. Miaka yote sikuwahi kulitaja lote mbele ya mtu wa serikali. Karani akatazama kompyuta, akanitazama, akatazama kompyuta.

"Kaa pale, mama."

Nikakaa. Askari mwenye bastola akaja, akasimama karibu yangu. Akanywa maji, akaenda zake.

Karani akarudi na karatasi mbili. Moja nakala yenye muhuri. Nyingine, tarehe yangu ya kusimama mbele ya hakimu.

Garini Yaretzi akaisoma ya kwanza, akaibusu. "Na hiyo?"

"Yangu."

Aliisoma. Halafu akanivutia mkanda, akanifunga kama mtoto.

"Hii nayo usije ukaichoma, Mama."

Kadi yake haijafika bado. Tarehe yangu ni Jumatatu. Karatasi zote ziko kwenye boksi la viatu juu ya kabati, Obdulia anapajua. Na wewe tafuta boksi lako leo.